Siku Wageni wa Uchina Walipomaliza Chakula cha Posa Yangu

Nianze na aibu yenyewe, msije mkasema baadaye nimeificha. Wengi wenu mnaniita Fundi Ongeza, na mnadhani jina hilo nimelipata kwa ajili ya redio, kwamba mtu akiniletea redio inayonong'ona mimi naifungua, naigusagusa, nayo inaongeza sauti. Laiti ingekuwa hivyo. Jina hilo lilizaliwa Mambrui, sebuleni kwa Mzee Bakari, mbele ya imamu wa msikiti, mbele ya wazee wangu waliokuja kuniposea mke, na mbele ya profesa mmoja wa Kichina aliyekuwa amelala chali mkekani ameshika tumbo kwa mikono miwili, na kosa lote lilikuwa langu, hata shetani siwezi kumsingizia.

Miaka ile ya themanini nilikuwa kijana, sina mke, na duka langu la kutengeneza redio lilikuwa hapa hapa Malindi, nyuma ya soko, ubavuni mwa Kitsao aliyekuwa akiziba pancha za baiskeli. Sasa fundi wa redio akishafunga mashine ya mtu lazima aijaribu, na mimi katika kujaribu na kuzungusha zungusha nikakutana na sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kimenyooka kama cha mwalimu wa chuoni, inatoka Pekini, inasoma habari za mavuno ya ngano na viwanda vya baiskeli, na mwisho inajibu maswali ya wasikilizaji. Basi nikanasa. Nikawaandikia, wakanitumia kalenda yenye milima na ukungu, nikawaandikia tena wakanitumia magazeti ya picha, nikaendelea hivyo mpaka ukuta wa duka langu wote ukawa Uchina, huoni hata tofali.

Nilikuwa nataka kujua, wallahi, nilikuwa nataka kujua mpaka nakosa usingizi. Kwa nini watu wale wanakunywa maji ya moto matupu, hayana majani ya chai, hayana hata tangawizi (kwetu maji ya moto matupu ni ya kumwogeshea mzazi aliyejifungua)? Mji mzima ukitoka asubuhi kwa baiskeli, zikigongana nani anamwambia nani pole? Mtu akiruhusiwa mtoto mmoja tu, na yule mmoja amelala, anamtuma nani dukani? Hayo maswali yalikuwa ya kweli, sikuwa nafanya mzaha. Lakini swali likikaa sana bila mtu wa kulijibu huanza kujijibu lenyewe, na mimi nikawa nayajibu kwa niaba ya Wachina, tena kwa sauti kubwa, mbele ya wateja.

"Hebu niambie, wewe Mchina umemwona wapi?" Kitsao aliniuliza siku moja, tairi mkononi.

"Si lazima kumwona. Wewe Nairobi umefika?"

"Sijafika."

"Mbona kila siku unatuambia kuna baridi?"

Akakuna kichwa, akarudi kwenye tairi lake, na mimi nikajiona nimeshinda. Ushindi wa namna ile ndio ulionimaliza.

Sasa Mambrui kulikuwa na Mzee Bakari, mtu wa heshima zake, ambaye ukoo wake ndio unaotunza lile kaburi la zamani lenye mnara uliopambwa mabakuli ya Kichina, na Mzee Bakari alikuwa na binti, Salma. Nilikwenda nyumbani kwao kutengeneza redio kubwa ya mbao, nikiwa nimeinama na waya mdomoni nikasikia mtu nyuma ya pazia akisema, "Huyo fundi anaila redio au anaitengeneza?" kisha kicheko. Basi, redio ile niliirudia mara nyingi kuliko ugonjwa wake ulivyotaka. Nikapeleka neno kupitia shangazi yangu, na Mzee Bakari hakukataa na hakukubali, alisema tu, "Tutazame." Mnajua "tutazame" ya wazee wetu. Inaweza kumzeesha mtu.

Siku moja basi Mzee Bakari akaja dukani kuifuata redio yake, ambayo mwishowe nilikuwa nimeibeba kuja nayo, akasimama mbele ya ule ukuta wangu akautazama kwa muda. Akaniambia chifu amemletea habari: kuna Wachina watatu wanaosoma mambo ya kale, wako Nairobi, wanakuja Mambrui kuyaona mabakuli ya kaburini, na yeye kama mwenye kaburi ndiye atakayewapa chakula cha mchana.

"Twaha mwanangu," akasema, "watu hawa unawajua?"

Hapo. Hapo ndipo. Ningesema, "Nimewasikia redioni, mzee." Ningesema, "Nimeona picha zao." Hakuna aliyenishika koo. Lakini nilimwona Salma mbele ya macho yangu, amevaa leso mpya, akipika ndani ya nyumba yangu, na mdomo ukajiendea wenyewe: "Hao? Nawajua nje ndani, mzee."

"Basi wewe ndiye utakayetuongoza," akasema, uso umemfunguka. "Wageni wangu nataka waondoke wameridhika. Na wazee wako nao waje siku iyo hiyo, alasiri, tulimalize lile jambo letu. Nyumba ikishapika shughuli moja, ya pili haina tabu."

Yaani mchana Wachina, alasiri Salma. Nilipanda baiskeli kurudi nyumbani nikiimba.

Kabla ya siku yenyewe nilikwenda Mambrui kutoa maagizo (ndiyo, maagizo, mimi fundi redio, mbele ya watu walioniona nikitembea bila suruali). Wazee wamekaa barazani, mimi nimesimama. Nikawaambia jambo la kwanza ni nguo: kwa Wachina nyeupe ni ya msiba. Na hilo si uongo, nililisoma. "Mkijipanga mlangoni na kanzu nyeupe," nikasema, "watajua tuna maiti ndani."

Maalim Omari, imamu wetu, akauliza kwa upole, "Sasa mimi, mwanangu, tangu nizaliwe sina nguo ila nyeupe. Nivae nini?"

"Chochote, maalim, mradi kina rangi."

Jambo la pili nililipeleka jikoni, nikasimama nje ya pazia kwa adabu nikamwambia Bi Mwanajuma, mkewe Mzee Bakari: "Mama, Mchina akibakiza chakula kidogo, jua ameshiba na amefurahi. Akimaliza chote, jua bado ana njaa ila anaona haya kusema. Sinia likiwa tupu, ongeza." Hilo nalo nililisikia redioni kwa masikio yangu, alijibiwa msikilizaji mmoja wa Tanga.

"Hata kwetu si ni hivyo hivyo?" akasema Bi Mwanajuma.

"Kwetu mtu atasema nimeshiba, alhamdulillahi. Mchina hasemi kitu, mama. Ni kulitazama sinia lake tu."

Tukakubaliana kwamba mimi ndiye nitakayewahudumia wageni, na nikigonga mlango wa ndani mara moja ni wali, mara mbili ni maji. Nyuma yake nikasikia kile kicheko. Nikaondoka nimefura kwa raha.

Siku ikafika, na joto lilikuwa la kaskazi, jua linachoma mpaka kuku wanatembea na midomo wazi. Nikawakuta wazee wamejipanga mlangoni, na hapo ndipo moyo uliponiambia, Twaha, kimbia. Mzee Bakari amevaa koti la kahawia juu ya kikoi cha kijani. Mzee mwingine amevaa fulana nyekundu ya mpira ya mwanawe, nambari tisa mgongoni, na ndevu zake nyeupe zimeteremka juu ya kifua. Na Maalim Omari, Mungu amrehemu, alikuwa ndani ya koti zito jeusi la baridi lenye manyoya shingoni, aliloletewa na mpwa wake baharia kutoka Ulaya, na jasho linamtoka kama aliyetoka kuoga. Watoto wa mtaa mzima wamepanda madirishani.

Gari likasimama. Wakashuka Wachina watatu: profesa, mzee mwembamba wa miwani, mwenzake mnene mwenye kamera, na kijana mmoja. Wote watatu wamevaa mashati meupe pe, yamepigwa pasi, na profesa kichwani ana kofia nyeupe ya vitobo aliyoinunua asubuhi ile Malindi kwa heshima yetu.

Mzee Bakari akanigeukia polepole.

Mnadhani nilisema nimekosea? Nikamnong'oneza, "Huenda wamefiwa, mzee."

Maalim Omari aliyenisikia hakungoja, ni mtu wa huruma, akainua mikono yake kutoka ndani ya lile koti akaanza kuwasomea Fatiha. Wazee wote wakainua mikono. Wachina wakatazamana, wakadhani ndivyo watu wa pwani wanavyoamkiana, wakainua na wao. Kisha Mzee Bakari akampa profesa mkono kwa majonzi, "Poleni sana," na yule kijana, kumbe ni mkalimani, akajibu kwa Kiswahili kizuri hata mtu ukaona haya, "Tumekwishapoa, mzee wetu. Safari ilikuwa njema. Shikamooni."

"Marahaba!" mlango mzima ukaitikia. Akasema mwalimu wake wa Kiswahili kule kwao alimpa jina la Juma, tumwite hilo. Basi Juma akapendwa pale pale, na mimi nikaanza kumwonea wivu.

Tukaenda kaburini. Profesa akasimama chini ya mnara, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, macho yamemlengalenga machozi, na kabla hajafungua mdomo mimi nikaanza: mabakuli haya yalitoka Uchina, yaliletwa na wafanyabiashara, rangi hii ya buluu ni ya Uchina. Yaani nikamweleza profesa wa mabakuli habari za mabakuli ya kwao, na yeye akawa anatikisa kichwa kwa adabu kila Juma alipomtafsiria. Juma mara mbili alinigeukia akataka kuniuliza kitu, nikamwambia, "Subiri, nitafika huko." Sikufika.

Saa ya chakula. Wageni wakaketi mkekani kwenye sinia lao, Mzee Bakari na Maalim na wazee wengine kwenye sinia jingine, mimi nikapita na birika na beseni kuwanawisha. Nikasubiri nione watahangaikaje bila vile vijiti vyao. Juma akasema "Bismillahi," wote watatu wakaingiza mkono wa kulia wakala biriani kama waliozaliwa Mambrui, punje haidondoki. (Baadaye nilijua walikuwa wamejifunza Nairobi, jioni baada ya jioni, kwa wali mkavu.) Na wakala! Sinia likabaki jeupe, hata ndizi na achari hazikuonekana.

Nikagonga mara moja. Sinia la pili likaja, limejaa mpaka juu, kuku mzima juu yake. Profesa akalitazama. Akasema neno kwa lugha ya kwao, pole pole. Juma akamjibu neno, pole pole. Yule mnene akavuta pumzi, wakainama wakala.

"Mashaallah," Mzee Bakari akasema, amenawa zamani, anachokonoa meno kwa raha. "Watu hawa wanakula."

"Bado wanaona haya, mzee," nikasema, na nikagonga mara moja.

Sinia la tatu. Yule mnene akalegeza mkanda. Profesa alikuwa anatafuna huku amefumba macho, na jasho lake na la Maalim Omari yalikuwa sawasawa, ila Maalim alikuwa na sababu. Juma alikuwa hatazami mtu. Wakamaliza. Nami nikafurahi, jamani, nilifurahi, maana nilikuwa naona kitu nilichokisikia redioni kinatokea mbele ya macho yangu, na kila sinia lililorudi tupu lilikuwa shahidi wangu kwamba mimi ni mjuzi. Nikagonga.

Hakikuja kitu. Nikagonga tena. Nikasikia sauti ya Bi Mwanajuma nyuma ya pazia, ya chini lakini ina moto: "Twaha, cha wageni kimekwisha. Kilichobaki ni cha wazee wako."

Hapo nilipewa nafasi ya pili, mkiangalia. Wazee wangu walikuwa njiani. Nikatazama sinia tupu, nikatazama uso wa Mzee Bakari uliojaa fahari, nikasema kwa sauti ambayo mpaka madirishani ilisikika, "Ongeza, mama!"

"Ongeza!" watoto wakaitikia nje. "Ongeza! Ongeza!"

Na jina ndilo hilo, msiulize tena.

Chakula cha posa yangu kikaja, biriani ya mbuzi, nazi na zabibu, Salma mwenyewe ndiye aliyeipika. Wachina wakaila. Sijui waliipitisha wapi. Nilipogonga tena pazia likafunguka kidogo, mkono ukatoka na sahani ya ukoko, ule ukoko mgumu wa chini ya sufuria, uliokwanguliwa kwa hasira, na nyumba ile ikawa haina tena kitu cha kuliwa. Nikauweka mbele ya wageni. Profesa akautazama ule ukoko kama mtu anayetazama hukumu yake, akachukua kipande, akatafuna, krr, krr, sebule nzima inasikia, akameza. Kisha uso ukambadilika rangi, akaegemea polepole koti la Maalim Omari, na kutoka hapo akateleza mpaka chini.

"Mchina amekufa!" mtoto mmoja akapiga ukelele dirishani, na Mambrui nzima ikaja mbio.

Bi Mwanajuma akatoka jikoni upawa mkononi, leso ameifunga kiunoni, mwanamke ambaye hata mimi nilikuwa sijawahi kuuona uso wake vizuri, akasimama katikati ya wanaume. "Subhanallah! Mnataka kuniulia wageni nyumbani kwangu? Mwulizeni kijana huyo, wametumwa kula au wamekuja kuona kaburi?"

Juma alipiga magoti, karibu alie. "Mama yangu, tusamehe. Sisi tulifundishwa kwamba mtu wa pwani ukibakiza chakula chake umemdharau mama wa nyumba. Tangu sinia la pili profesa aliniuliza, lazima? Nikamwambia, lazima. Lakini kila tukimaliza kinaletwa kingine."

"Sisi tuliambiwa mkimaliza hamjashiba!"

"Mliambiwa na nani, mama?"

Wote walinigeukia, wa ndani na wa madirishani, na Maalim Omari ndani ya manyoya yake akanitazama kwa macho ambayo sijayasahau.

Profesa akafumbua macho akasema kitu. Juma akanigeukia: "Anaomba maji ya moto, tafadhali. Matupu." Nikakimbia kuyaleta, nikamshika kichwa akanywa, akashusha pumzi, akanishukuru, na mimi nikarudisha kikombe. Na ni mimi huyu niliyekuwa nikikosa usingizi kwa ajili ya maji hayo, kumbukeni.

Ndipo tukasikia, "Hodi wenyewe!"

Wazee wangu. Ami Sefu, ndugu wa marehemu baba yangu, na wenzake wawili, kanzu nyeupe, vilemba, halua mkononi, na njaa tumboni, kwa maana mtu haendi kuposa ameshiba, ni kuwavunjia heshima wenye nyumba. Wakasimama mlangoni wakaona imamu na koti la baridi, mzee na fulana nambari tisa, na mtu wa kigeni amelala chini.

"Innalillahi," akasema Ami Sefu. "Ameugua nini?"

"Ameshiba," akasema Mzee Bakari.

Akawakaribisha, wakaketi, wakaletewa kahawa na maji, na baada ya kahawa ikaletwa kahawa, na baada ya hiyo Ami Sefu akaanza kutazama mlango wa jikoni. Mzee Bakari, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumpa mgeni kahawa tupu, akawaeleza yote, bila kupandisha sauti. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa haya kiasi kwamba nilitamani anipige. Akamaliza, akanigeukia.

"Twaha. Siku zote unawatafuta Wachina. Leo wamekaa hapa nawe tangu asubuhi, na mmoja wao anasema Kiswahili kukupita. Umewauliza nini?"

Nikafikiri. Nikarudi nyuma kichwani mpaka mlangoni mwa gari. "Sikuwauliza kitu, mzee."

"Hata neno?"

"Hata neno."

"Mtu aliyeshindwa kumwuliza mgeni aliye mbele yake, umeshiba au hujashiba," akasema, "huyo nimpe binti yangu? Siku Salma akiumwa utamwuliza yeye anaumwa wapi, au utatuambia ulivyosikia redioni?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ami Sefu alikohoa, akaanza kufunga halua yake. Machozi yalinijia, nasema kweli, siyaonei haya, kwa maana nilijua amesema haki.

Ni Maalim Omari aliyesema, huku anajipepea, "Sheria iko wazi, Bwana Bakari. Anayeulizwa ni binti. Na binti akinyamaza, kimya chake ni kukubali. Mwulize kwanza."

Mzee Bakari akageuka kwenye pazia, nafikiri alitaka kumaliza tu, akasema, "Salma. Umesikia. Wasemaje?"

Mimi nilikuwa namwomba Mungu kimya, kimya tu, kimya kidogo.

"Mwambieni aje aoshe masufuria kwanza," akasema Salma.

Hakuna mzee aliyejua hilo ni jibu gani. Ami Sefu akasema hajakataa. Mzee Bakari akasema hajanyamaza. Maalim akasema katika vitabu vyake vyote hakuwahi kukutana nalo. Wakiwa bado wanabishana mimi nikakunja kanzu yangu (ya buluu, kama nilivyoagiza) nikatoka uani, nikachuchumaa mbele ya masufuria ambayo mtu angeweza kulala ndani yake, nikachukua majivu na kumbi la nazi nikaanza kusugua, na watu wa Mambrui wamekaa juu ya ukuta wakinihesabia, "Ongeza! Ongeza majivu!"

Mara Juma akaja akachuchumaa karibu yangu, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akavuta sufuria moja. Nikamwambia mgeni haoshi. Akasema amekula yeye, acha aoshe. Tukasugua. Na mimi, baada ya siku nzima, nikafungua mdomo nikamwuliza Mchina swali.

"Juma, kwenu kwani mnakunywa maji ya moto matupu kwa nini?"

Akacheka. "Sijui. Mama yangu alinipa. Mama yake alimpa." Akasugua kidogo. "Na mimi nikuulize. Kwenu msichana akijibu namna ile, amekubali au amekataa?"

Lilinifika mdomoni jibu, jamani, nilikuwa nalo tayari, la uhakika kabisa. Nikalimeza.

"Sijui," nikasema.

"Basi si ukamwulize?"

Nikasimama na majivu mpaka viwikoni, nikaenda kwenye mlango wa jikoni mbele ya macho ya wote, nikasema, "Salma, mimi ni mjinga. Utaniridhia hivyo hivyo?"

Kimya. Nikangoja. Kimya kikaendelea, kirefu, kizuri, na nikamsikia Maalim Omari sebuleni akisema alhamdulillahi, hicho ndicho, na Ami Sefu akafungua tena halua yake. Mzee Bakari akalitazama pazia, akanitazama mimi, akasema, "Haya." Fatiha ya pili ya siku ile ikasomwa, na profesa, akiwa bado amelala, akainua mikono.

Salma ndiye huyu mliyemkuta ndani, mama wa watoto wangu. Sasa mtu akija dukani akaniuliza habari za Wahindi, za Wataliano, hata za watu wa Lamu, nasema sijui, kaulize wenyewe, na nimeapa sitafasiri tena mambo ya mtu ambaye mdomo anao. Hasa tangu mwaka uliofuata, tulipokwisha kuoana, nilipomwambia mke wangu jinsi kile kimya chake kilivyoniokoa mbele ya wazee wote.

"Kimya gani?" akaniuliza. "Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu alfajiri, nikapata kipande cha ukoko kilichosalia. Nilikuwa natafuna."